Nane kwa nane

Juzi jioni mwanangu alikuwa amejilaza sebuleni akiangalia The Lion King, ile ya mwaka 1994, mimi niko jikoni nakaanga vitunguu. Ikaingia sauti ya Mufasa. Nikazima jiko, nikaenda kusimama mlangoni.

"Sauti hiyo," nikamwambia, "ndiyo iliyomsomea babu yako shairi."

Akanigeukia, macho yamemtoka. "Babu alikuwa anamjua Mufasa?"

Swali hilo halijanitoka kichwani. James Earl Jones, mwigizaji mwenye sauti hiyo, alipofariki Septemba 9, 2024, akiwa na miaka 93, watu wengi walimlilia kwa ajili ya Mufasa na Darth Vader wa filamu za Star Wars. Sisi tuliolelewa kwenye ile nyumba ya Madison, kule Marekani, tulimlilia kwa ajili ya kunguru.

Ilikuwa Alhamisi, Oktoba 25, 1990. Mama alikuwa anasomea shahada chuoni kule Madison, jimbo la Wisconsin, na Baba alikubali kumfuata na kuosha vyombo usiku kwenye jiko la hoteli ili mwenzake asome. Ninachotaka kusema leo ni kile kilichompata Baba tulipofika kule. Tanga mashairi yake yalikuwa yakitoka gazetini na kusomwa redioni. Ukitembea naye barabara ya kumi na mbili, watu wanamwita malenga hata kabla ya kumsalimu. Marekani akanyamaza. Hakugomba wala hakulalamika. Alirudi alfajiri, akaswali, akalala, akaamka, akauliza habari za shule, akaondoka. Daftari lake lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama lilivyotoka Tanga.

Alhamisi hakuwa na zamu. Jirani zetu wote walikuwa wameshapanga maboga ya Halloween, sikukuu yao ya mizuka, kwenye ngazi za milango yao, na Mama hakuzoea kuona boga zima likiachwa nje lioze wakati lingeweza kupikwa kwa nazi. Kaka alikuwa hataki kusikia lolote ila The Simpsons. Katuni hiyo ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ianze, Desemba 1989, na shuleni ukigeuka huku fulana ya Bart, yule mtoto mtundu wa katuni, ukigeuka kule fulana ya Bart. Usiku ule walikuwa wanaonyesha kipindi chao cha kwanza cha Halloween, hadithi tatu ndani ya kipindi kimoja.

Kikaanza kwa Marge, mama yake Bart, kutokeza mbele ya pazia. Akawaambia wazazi kwamba kipindi kinatisha, hivyo ni heri wawalaze watoto mapema kuliko kuja kuandika barua za hasira kesho yake. Mama akainua uso kutoka kwenye vitabu vyake.

"Mmemsikia mama mwenzangu?"

Kaka akamtazama Baba. Baba alikuwa ameketi mkekani na kikombe cha chai ya tangawizi. Akasema, "Waache kidogo, mama watoto."

Hadithi mbili za mwanzo nazipitia haraka. Ya kwanza ni ya nyumba iliyojengwa juu ya makaburi, kuta zinavuja damu, na mwisho nyumba yenyewe inaona afadhali ijiangamize kuliko kuishi na familia ile. Ya pili, viumbe wa angani Kang na Kodos wanawachukua wote na kuwalisha vinono, na Lisa, dada yake Bart, anaokota kitabu cha mapishi ambacho kila akikipuliza vumbi, jina lake linageuka: mara ni kuwapika binadamu, mara ni kuwapikia. Mpishi wa wale viumbe alikuwa ni Jones huyohuyo, ingawa hatukumjua. Kaka alikuwa anagaagaa chini kwa kicheko. Baba anakunywa chai yake.

Ya tatu, Bart na Lisa wako kwenye kibanda chao juu ya mti, Lisa anafungua kitabu na kumsomea Bart "The Raven", shairi la Edgar Allan Poe la mwaka 1845. Sauti ya Lisa ikapokewa na ile sauti nzito, na mle ndani akaonekana Homer, baba yao, amevaa kizamani, peke yake usiku, amezungukwa na vitabu, na ukutani picha ya marehemu mpenzi wake, ambaye ni Marge, nywele zake ndefu hata imebidi kuwekwa fremu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mkono wa kulia wa Baba, ndiyo maana niliona. Kile kikombe alikiweka chini bila kukitazama. Kidole gumba chake kikaanza kupita kwenye pingili za vidole, moja moja, kama afanyavyo akimaliza kuswali, ila midomo haikuwa ikitaja kitu. Gumba likafika pingili ya nane, likarudi mwanzo. Likafika tena ya nane, likarudi. Mikono ile ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya jikoni, ngozi imepasuka kwenye viungo, na nakumbuka niliona gumba halikwepi hata pale penye kidonda.

"Nane," akasema. Kisha, "Nane tena."

"Nane nini?" Mama akauliza.

"Mizani, hesabu ya silabi. Huyu bwana anaghani shairi! Nyamazeni."

Tukanyamaza. Kiingereza cha Baba wakati ule kilikuwa cha jikoni, cha moto na haraka na sufuria, na maneno ya Poe hata wenyewe huwapa tabu. Alikuwa hafuati maana hata kidogo. Alifuata vina. Akaanza kunyanyua kidole kila kina cha kati kilipokutana na mwenzake, na kila mara alinyanyua mahali penyewe.

"Anasema nini?" akamuuliza Mama, lakini macho yako kwenye televisheni.

"Mtu amefiwa na mpenziwe. Usiku kunguru anamwingilia ndani. Kila akimuuliza, kunguru anajibu neno lilelile moja."

"Kibwagizo," akasema Baba.

Na hapo ndipo kunguru, aliyekuwa na kichwa cha Bart, badala ya kujibu neno lake akatoa tusi lake la kila siku. Lisa akamkatiza kwa ukali: kunguru husema neno moja tu, na hatasema jingine kamwe. Mama akatafsiri. Baba akapiga goti lake kwa kofi, akacheka. Si kile kicheko cha adabu alichokuwa akiwachekea majirani. Kilianzia kifuani, kikapanda, kikaishia kwenye kikohozi, akajifuta macho kwa ncha ya kikoi.

"Binti ana haki! Kibwagizo hakichezewi!"

Katuni ikaendelea, Homer akimkimbiza ndege chumbani. Hadithi ikaisha, Bart akasema haikumtisha, Lisa akasema labda watu wa 1845 walikuwa wepesi kutishika. Watoto wakalala fofofo, na Homer, mtu mzima aliyekuwa akisikiliza kwa kujificha, ndiye akabaki na hofu kitandani. Hayo niliyaona baadaye, kwenye marudio. Usiku ule tulikuwa tunamtafutia Baba penseli.

Mama alimletea fotokopi ya shairi zima kutoka maktaba ya chuo. Kwenye katuni walikuwa wamekata beti nyingi. Kamili ni beti 18, kila ubeti mishororo sita. Baba aliketi nalo mezani akapiga mstari katikati ya kila mshororo, ukwapi, nusu ya kwanza, huku, utao, nusu ya pili, huku, akihesabu kwa kutusomesha sisi kwa sauti kwa sababu yeye tahajia ya Kiingereza ilimchanganya. Mshororo wa kwanza, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vinalingana. Wa tatu, vivyo hivyo. Mingine imepungua mizani moja mwishoni. Wa sita mfupi kuliko yote, saba tu. "Msuko," akasema, akaandika pembeni. Halafu akagundua kwamba kina cha mwisho hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa 18, akainuka kabisa kitini.

Najua sasa kwamba ushairi wa Kiingereza hupimwa kwa mkazo wa sauti, na Poe hakukaa akahesabu silabi kwa vidole vya mtu wa Tanga. Lakini nasimama na sikio la Baba. Poe mwenyewe, kwenye insha aliyoichapisha mwaka 1846, alieleza kwamba alichagua kibwagizo na mlio wake kwanza, ndipo neno lenyewe, kunguru na hadithi yake vikafuata. Nilipomweleza Baba, miaka mingi baadaye, hakushangaa. "Ndivyo kunavyotungwa," akaniambia.

Lile daftari lilishuka kabatini kabla ya theluji ya kwanza. Akawa anaghani akisukuma koleo la theluji asubuhi, majirani wanamwangalia. Alikuwa anamjibu Poe, maana kunguru aliowajua yeye ni wale wanaopora samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga:

Kunguru wa kwetu Tanga, samaki wetu waiba,
Kwangu hujaja na janga, wala neno la msiba.

Beti ni nyingi. Shairi lenyewe hakulimaliza, wala hakulipeleka gazeti lolote, na sababu hakunipa.

Jones alipofariki nilisoma kwamba utotoni, baada ya kuhamishwa Mississippi kupelekwa Michigan, alishikwa na kigugumizi hata akakaa miaka kadhaa bila kusema ila kwa nadra, mpaka mwalimu wa sekondari alipomfanya asimame asome shairi alilolitunga mwenyewe. Nilimpigia Kaka simu usiku uleule nikamsomea. Nilitaka aone ninachokiona: mtu aliyetolewa kwenye ukimya kwa shairi, akaja akamtoa mwingine, bila hata mmoja kumjua mwenzake.

Kaka hakubali. Anasema kilichomchekesha Baba ni ile nyumba iliyojiangamiza, na kwamba mashairi Baba angeyarudia tu, Simpsons au hakuna Simpsons, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea kazi na mwili umepata nafasi. Huenda. Nimemkumbusha ile fotokopi, ninayo, penseli yake inasomeka. Anasema fotokopi ni ya baadaye, haithibitishi kicheko. Tukampelekea Mama kesi. Mama akasema anachokikumbuka yeye ni kwamba kesho yake ilikuwa shule, mama wa watu aliwaonya mapema, na hakuna aliyelala nyumba ile kabla ya saa sita.