Kaunta ya jikoni: lipime jiwe kabla hujalilipia

Kwenye yadi za mawe karibu kila slabu (bapa kubwa la jiwe) huitwa graniti, na baadhi si graniti. Kabla ya kutoa pesa, omba kipande kilichobaki cha slabu ileile unayoitaka, kilichong'arishwa, uende nacho nyumbani.

Kidondoshee maji ya ndimu, acha dakika 15, futa, kisha kiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona alama iliyopoteza mng'ao, jiwe hilo lina kalsiti, madini yanayoliwa na tindikali: ni marumaru au jamaa yake. Jikoni kwetu, ambako kila siku kuna ndimu na ukwaju, jiwe hilo litajaa madoa, na dawa ya kuziba vinyweleo haisaidii kitu, maana tindikali inakula uso wa jiwe lenyewe. Terazo nayo ina saruji, kwa hiyo huliwa vilevile.

Kisha weka tone la maji safi. Baada ya dakika 10, pakiwa peusi zaidi, jiwe linanyonya na litahitaji dawa. Pakibaki vilevile, usipake: dawa itagandia juu na kuacha utando kama ukungu. Jiwe jeusi lisugue pia kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka nyeusi, slabu imepakwa rangi. Iache.

Sasa sinki, kwani hapo ndipo kaunta nyingi hupasukia. Ukanda mwembamba wa jiwe unaobaki mbele ya tundu la sinki ndio dhaifu kuliko sehemu zote. Fundi akikata pembe za tundu kwa grinda peke yake, diski hupitiliza na kuacha mkato mdogo kwenye kona. Nguvu zote hukusanyika pale, na ufa huanza siku mtu atakapoegemea. Mwambie atoboe kwanza kila kona kwa drili, ndipo akate kutoka tobo moja la drili hadi jingine, kona zibaki za mviringo. Jiwe la mm 20 lisitokeze nje ya kabati zaidi ya sm 15 bila braketi, yaani chuma cha kulishikilia kwa chini.

Mwambie pia achonge mfereji wa kina cha mm 3 chini ya ukingo wa mbele, sm 2 kutoka mwisho. Bila huo, maji yanayomwagika hutambaa chini ya jiwe hadi kwenye milango ya kabati, na MDF (mbao ya unga wa mbao uliobanwa kwa gundi) ikishalowa huvimba, hairudi tena. Silikoni ya kuzunguka sinki iwe isiyo na tindikali. Ile inayonuka siki huharibu marumaru.

Kupaka dawa si kazi ngumu, ila ina mpangilio. Osha, acha likauke saa 24, sambaza dawa kwa kitambaa, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Ukichelewa na ukungu ukatokea, paka kidogo dawa ileile juu yake na ufute papo hapo. Usihesabu miezi ili kurudia. Rudia jaribio la tone la maji.

Doa la mafuta kwenye graniti halitoki kwa kusugua, kwa kuwa limeshaingia ndani. Changanya magadi ya kuokea na maji hadi yawe mazito kama siagi, paka unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni saa 24, kisha funua uache yakauke kabisa. Yakikauka hufyonza mafuta. Kwangua, mara nyingi hulazimu kurudia. Bizari kwenye jiwe jeupe huhitaji haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa. Usiitumie kwenye jiwe jeusi.

Kila siku, sabuni ya vyombo kidogo na maji inatosha. Siki usitumie, wala steli waya. Sufuria ya moto iweke juu ya kibao, hasa kama kaunta ni kwatzi ya kiwandani: ina gundi ya plastiki ndani, na joto likiiunguza, doa la njano halifutiki.