Msasa na rangi ya kijani Rickwood
Jamani, leo nimeshinda Birmingham, Alabama, na watu wanaojitolea kuutunza Rickwood, uwanja mkongwe kuliko vyote vya besiboli ya kulipwa Marekani. Ulifunguliwa 1910! Nilikabidhiwa msasa nikwangue rangi iliyobambuka kwenye nguzo, chini yake kuna kijani kingine, na kingine tena.

Mzee mmoja akanionyesha alipokuwa akicheza Willie Mays, yule nyota wa besiboli, mwaka 1948, akiwa kijana wa miaka 17 wa timu ya Black Barons, enzi Weusi walipotengewa ligi yao. Mwili ulinisisimka. Mays alifariki Juni 2024, siku mbili kabla ya timu za ligi kuu ya besiboli kuja kucheza hapa kwa heshima yake.

Waswahili wa Alabama, mikono bado inahitajika. Njooni na glavu.