Pikapu yangu sasa imefungwa difu ya LSD

Wallahi nimefurahi. Difu ni ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na LSD (limited slip differential) ni difu isiyoachia tairi moja lizunguke bure. Wanaobeba madafu na mihogo kutoka Kwale kuja soko la Kongowea, Mombasa, wanajua hii shida, mvua ya masika ikishika ile barabara ya ndani gurudumu moja la nyuma likiingia matope linazunguka bure na lile lingine lililo kwa udongo mkavu limetulia tu, ndo difu ya kawaida ilivyo, ile upande usioshika chini unamaliza nguvu ya injini yote. Hii ya LSD ndani ina pleti za klachi zinazobana hafu shafti zote mbili (vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwa magurudumu), kwa hivyo tairi moja likiteleza lingine bado linasukuma. Raha sana!

Nilichukua difu ya eks Japani, yaani iliyotumika kule Japani. Kabla ya kulipa hesabuni meno ya kraun (gia kubwa ya difu) na pinion (ile ndogo inayoizungusha), gawanya upate ratio, 41 kwa 10 ni 4.1, na kama gari yako ni foo wili draivu lazima ratio ya nyuma iwe sawasawa na ya mbele, sio karibu karibu, sawasawa, la sivyo mtaharibu gia. Na oili jamani, muulize fundi anamwaga nini, LSD ya pleti inataka oili yake maalum, ukitia ya kawaida utasikia inagongagonga kila ukikata kona.

Ukitaka kujua kama umeuziwa LSD ya kweli, ipige jeki magurudumu yote mawili ya nyuma yaning'inie, gia nyutro, zungusha moja kwa mkono: la pili likizunguka upande uleule basi ndo yenyewe, likirudi kinyume hiyo ni ya kawaida ama pleti zishaisha.