Tulivyoanzisha boti ya wageni Matema kwa mkopo wa halmashauri

Wadau habari zenu, watu wengi wameniuliza vijana wa Matema tumewezaje kuanzisha safari za boti za wageni bila mfadhili wala mkubwa yeyote nyuma yetu, nikaona niandike kwa kirefu maana najua kuna vijana wa Liuli, Mbamba Bay na hata huko pwani wanaweza kupata kitu hapa.

Kwa asiyepajua, Matema ni wilaya ya Kyela, kule juu kabisa mwa Ziwa Nyasa ambako milima ya Livingstone inateremka mpaka majini. Zamani kufika ilikuwa shughuli pevu, sasa hivi kuna lami ya Kikusya, Ipinda mpaka Matema, kama kilomita 39 hivi, yaani unatoka Mbeya mjini asubuhi umevaa sweta, unapita Tukuyu kwenye chai na migomba, mchana uko Matema unatafuta kivuli. Lami ilipokuja watu wa Mbeya wakaanza kuja wikiendi na familia zao, wanakaa mchangani, wanakula wali na samaki, jioni wanageuza. Hela inaishia kwenye soda na parking, kijiji hakipati kitu cha maana, na ndicho kilichonisumbua mimi.

Kwenye vikao vya kata tulikuwa tunasikia kila mara vijana changamkieni utalii wa fukwe. Sawa, ila nikawaambia wenzangu halmashauri haiwezi kukopesha wazo, lazima ikute watu wana katiba ya kikundi, mihutasari, akaunti benki na kazi ambayo tayari inaonekana. Kwa hiyo tukaanza na kilichopo, mitumbwi ya wazee wetu na gulio la vyungu la Lyulilo siku ya Jumamosi. Vyungu vile wanafinyanga mama zetu wa Kikisi kule Ikombe, ng'ambo kidogo ukifuata mwambao, na vinasafiri mpaka Mbeya na Dar. Wazo letu lilikuwa mgeni apelekwe Ikombe kwa maji, aone udongo unavyogeuka chungu, anunue pale pale kwa mwenye kazi yake.

Hapa ndipo palitaka akili. Tulipoenda kuomba ruhusa, bibi mmoja mfinyanzi alitusikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Wajukuu zangu, mtu akija kunipiga picha mikono imejaa udongo, akarudi kwao bila kununua, mimi nabaki na nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu siku ile. Tuliomba tukajadiliane, tukarudi tena na tena, mwisho tukakubaliana sehemu ya nauli ya kila mgeni ibaki Ikombe hata asiponunua chochote, na picha ni kwa ruhusa ya mwenyewe. Makubaliano tukayaandika kwenye muhtasari wa kijiji na mhuri ukagongwa. Kiukweli bila lile swali la bibi hii kazi isingefika popote, na mpaka leo akinamama ndio wanaotuambia lini twende na lini tusiende kwa sababu kuna msiba au wanachoma vyungu.

Mambo ya makaratasi nitayapitisha haraka. Barua ya mtendaji wa kijiji, afisa maendeleo ya jamii wa kata anawasajili kikundi, mnaongea na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe na uvuvi, ili msigombanie maeneo ya nyavu, boti inakaguliwa na kupata leseni TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini. Mkopo ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hauna riba. Sisi tulikuwa tunajiandaa kuomba ikatangazwa imesitishwa, hiyo ni 2023, wengine wakakata tamaa na vikundi vikafa. Sisi tuliendelea kuchangishana kila wiki na kuandika mihutasari vile vile, dirisha lilipofunguliwa tena 2024 mafaili yetu yalikuwa yamekamilika. Hela ikaenda kwenye mashine ya boti na laifu jaketi za kutosha kila kiti, hapo hatukubana matumizi hata kidogo.

Kingine cha muhimu sana, msijenge ovyo ufukweni. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto, kwa hiyo banda letu tumeliweka nyuma chini ya miembe na ufukwe uko wazi, mtoto wa kijiji na mgeni wanaoga pale pale.

Nina binamu yangu anafanya kazi kwenye boti za Mafia, wenzetu wale wana hifadhi ya bahari tangu 1995 na watu wanatoka Ulaya kuogelea na papa potwe, wale papa wakubwa kabisa, kuanzia Oktoba mpaka Februari. Nilimpigia nikamuuliza mnawaambiaje wageni, akasema kabla ya boti kuondoka lazima uongee nao, samaki haguswi, hafukuzwi. Tukachukua vile vile. Kwetu hakuna papa potwe ila kuna wale samaki wadogo wa kwenye miamba, wa bluu, wa njano, wenye mistari, Nyasa ina aina mamia na wengi hawapo popote pengine duniani, mama anatotolea mayai mdomoni na kuficha watoto humo humo. Mgeni akivaa miwani akaona vile anatoka majini anapiga kelele kabisa, na mimi niliyezaliwa hapa bado nafurahi kila nikisikia.

Tunaogeshea kwenye miamba na maji safi, kwenye majani na midomo ya mito hapana kwa sababu ya konokono wa kichocho, na tunamwambia mgeni ukweli huo kabla hajalipa. Upepo wa kusini ukichafua ziwa haturuhusu safari hata mtu aongeze hela. Aprili mvua za Kyela ni kubwa mno, tunasimama, tunapaka boti rangi na kukagua mashine.

Marejesho tunalipa kwa wakati mpaka sasa. Kwa anayepanga kuja, njoo Ijumaa ulale, Jumamosi asubuhi uwahi Lyulilo, na ubebe chenji maana akinamama wengi pale hawatumii simu kupokea hela.