Baharia wa simu

Nimeshuka basi la usiku leo alfajiri, na Mombasa Road ilikuwa imejaa maji ya vuli hata abiria mmoja nyuma yangu akauliza kama dereva ameturudisha baharini. Mimi sikucheka sana. Kucha zangu bado zina rangi nyekundu, mgongo unauma, na kwapani nilikuwa nimebana kana ya mashua, ule mti wa kushikia usukani, imepasuka katikati kama muwa. Kondakta wa matatu ya Donholm akanitazama mara mbili.

"Mzee, hiyo rungu ni ya nini?"

"Ni usukani."

"Wa gari gani?"

Nikalipa nauli, nikanyamaza.

Wenzangu kazini wana ng'ombe ushago. Wanawapigia wafugaji simu wakati wa chakula cha mchana, wanatuma pesa za dawa ya kupe, wanaona maziwa mara tatu kwa mwaka. Tunawaita wakulima wa simu. Basi mimi ni baharia wa simu. Nina mashua ya matanga, futi 24, ya faiba, iliyojengwa Uingereza miaka ya 1970. Umri wetu unalingana, ila yeye amezeeka vizuri kuliko mimi. Nilimnunua miaka sita iliyopita kutoka kwa mzee aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo anaelea Kilifi nami naishi Nairobi, karibu kilomita 500 mbali na mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Kuna vitanda vinne kwa hesabu ya waliomuunda, viwili kwa hesabu ya binadamu. Jiko ni la kichomeo kimoja. Kusimama wima ndani huwezi, labda uwe mtoto wa darasa la pili.

Nina daftari ninamoandika kila kitu. Mwaka huu nimelala ndani yake usiku 19. Siku nilizotweka tanga ni 11. Safari za Grogan, Industrial Area na Gikomba kutafuta spea niliacha kuzihesabu zilipofika 30. Kwa hiyo mashua ninayoijua zaidi ni ile iliyoko hapa nyumbani vipande vipande: tanga dogo la mbele nyuma ya kochi, pampu ya maji kwenye beseni la bafuni, kopo la skrubu kando ya majani ya chai. Mke wangu alilala ndani yake usiku mmoja, akaamka na shingo imepinda, akasema yeye atakuwa mgeni wa mchana. Tangu hapo anaiita shamba langu la maji.

Wikendi hii tulikwenda kuikwangua tumbo.

Mashua yangu ina mikuku miwili, yaani yale mapezi ya chini ya tumbo, mmoja kila upande, badala ya mmoja wa katikati. Waingereza waliunda nyingi za namna hii kwa sababu bahari yao nayo hupwa sana. Maji yakiondoka inasimama yenyewe mchangani kama meza. Haihitaji magogo ya kuiegemeza wala winchi. Inahitaji mwezi tu. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti hufika karibu mita nne, na katika pwani yetu bamvua hujaa alfajiri mnamo saa kumi na kupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Unaipandisha ufukweni gizani, inabaki kavu asubuhi yote, maji yanarudi kuichukua alasiri. Ndiyo maana jioni nasimama kwenye roshani nikiangalia mwezi ukipanda upande wa Embakasi, na majirani wanadhani nimekuwa mcha Mungu.

Lakini bamvua lina hila, na mimi nililipa karo ya somo hilo mwaka wa kwanza. Nilichagua siku ya maji makubwa kuliko yote, nikaisukuma juu kabisa ufukweni nikijiona fundi. Nikakwangua, nikapaka, nikakaa kivulini kungojea. Maji yakaja mpaka kwenye mikuku, yakazunguka, yakaondoka. Kesho yake yakafika chini zaidi, na keshokutwa chini zaidi tena. Nilikuwa nimepanda kwenye kilele, na baada ya kilele kila siku maji hupungua mpaka yawe maji mafu. Likizo ikaisha, nikarudi ofisini. Kwa siku kumi na mbili mashua yangu ilisimama mchangani, mbuzi wakilala chini yake, nami nikiwa Upper Hill nikijibu barua pepe na kupokea picha. Mzee anayeniangalizia aliniambia kijiji chote kinasema mashua ya yule wa Nairobi imeota mizizi. Siku hizi naipandisha siku moja au mbili kabla ya kilele, ili kila maji yanayofuata yawe makubwa kuliko yaliyonileta.

Huyu Mzee ni mtu wa bahari tangu utotoni. Alijifunza kwenye mashua za mbao, za kukalafati, yaani kuzibwa nyufa, kwa pamba na kupakwa mafuta ya papa, na faiba anaihesabu kama aina fulani ya ndoo. Hata hivyo Jumamosi saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika kabla yangu, maji kiunoni, akiielekeza omo, ile pua ya mashua, kwa mkono mmoja kama mtu anayempeleka ng'ombe mtoni.

"Taratibu, mwanangu. Iache itue yenyewe."

Ikatua. Ilipofika saa mbili mchanga ulikuwa mkavu, na tukaanza. Chini ya mashua kuna dunia nyingine. Mwani mwembamba wa kijani unatoka kwa kupangusa tu, huo si neno. Shida ni vile vikombe vyeupe vidogo vinavyoshika kama saruji. Unatia ubapa wa chuma chini yake, unasukuma, vinavunjika kwa sauti ya mtu anayetafuna kashata, na kila kimoja kinaacha duara jeupe lenye makali. Baada ya saa moja vidole vyangu vilikuwa vimechanjwa kila mahali na maji ya chumvi yanavikumbusha. Harufu sitaieleza. Kijana aliyepita na mbwa wake alisimama, akaangalia, mbwa akafurahi sana.

Halafu rangi. Ile nyekundu ina shaba ndani yake, na shaba ndiyo inayowachukiza wadudu wa baharini wasishike. Naiagizia Mombasa, kwa kuwa kopo la rangi sijawahi hata kujaribu kulipitisha Syokimau, pale tunapopanga mabegi chini kwa mstari mbwa wayanuse ndipo tupande treni. Bei yake ni siri kati yangu na M-Pesa. Tulipaka mkono mmoja wote, na mkono wa pili pale kwenye mstari wa maji tu, panapopata jua. Kwenye mashine nikabadilisha kipande cha zinki. Kile cha zamani kilikuwa kimelika, kimebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo kazi yake: chumvi ile zinki, iache aluminiamu ya mashine.

Saa saba maji yalianza kurudi. Kwenye saa tisa ikatikisika mara moja, kidogo, kama mtu aliyeguswa bega usingizini, kisha ikainuka. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Walisahau kuongeza kwamba vinaundwa upya kila mwaka na huyo huyo mwenye mgongo mbovu.

Kana ilipasuka Jumapili. Tulitoka na umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu unaokusukuma baharini kabla jua halijakaza, tukapita mlango wa mwamba bila kuwasha mashine, kitu ambacho naweza kukihesabu kwa vidole. Huu ni msimu wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo haujui unataka nini. Lakini tumbo safi ni tumbo safi. Mashua iliyokuwa ikiburuta mwezi uliopita ilikuwa inateleza, noti tano kamili nilipolegeza kidogo demani, ile kamba ya kuongozea tanga, yaani kama kilomita tisa kwa saa. Jogoo Road saa kumi na mbili jioni mtu angenionea wivu. Nilikuwa hata nimeanza kupiga hesabu ya Mtwapa, maili 20 hivi kusini, mwezi ujao kaskazi ikija na kunisukuma kwa nyuma. Ghafla upepo ukapiga, mashua ikainama, nikavuta kana kuelekea kwangu, na nikabaki na nusu yake mkononi.

Haikuwa na sauti kubwa. Ni kama kuvunja mkate mkavu. Tanga likaanza kupigapiga, mashua ikageuka yenyewe ikitazama upepo, nami nikatazama kile kipande. Ndani mti ulikuwa mweusi, laini, unaweza kuuchimba kwa ukucha, pale pale bolti linapopita. Nje vanishi ilikuwa inang'aa. Mimi mwenyewe niliipaka mwezi wa Februari, mikono mitatu, nikaipiga picha nikaituma kwa kikundi cha familia.

Tulitua tanga kubwa, tukafunga kasia kwenye kile kisiki kwa kamba, tukarudi na tanga la mbele peke yake kama watu waliobeba mayai. Mzee alikamata kipande, akakinusa.

"Vanishi ni kama poda, mwanangu. Hii ilikuwa yaoza toka bolti, nawe waipamba uso."

Tangu hapo najiuliza ni nini kingine nimekipamba uso. Mwaka jana ilikuwa nyaya. Mlingoti wangu unashikiliwa na nyaya za chuma kisichoshika kutu, kila mmoja nyuzi 19 ngumu zilizosokotwa pamoja. Ukiziangalia kwa macho ni nzima daima. Mzee mmoja wa mashua alinifundisha kupitisha pamba ya hospitali kutoka juu hadi chini. Nikapitisha kwa mzaha, na pale chini, waya unapoingia kwenye kikombe chake, pamba ikanasa. Uzi mmoja ulikuwa umekatika. Chumvi hutulia mle ndani, hewa haifiki, na chuma hicho bila hewa huliwa kimyakimya.

Nikaja Nairobi kutafuta waya. Duka moja Industrial Area, sitalitaja, muuzaji aliniletea kitu laini chenye nyuzi nyembamba chungu nzima. Nikamwambia nataka ule mgumu wa nyuzi 19. Akasema, "Boss, waya ni waya." Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa inakuja, nikanunua mita 20. Waya wa namna ile ni mzuri kwa kupita kwenye kapi, unakunjika. Kwa kushikilia mlingoti unanyooka ukivutwa, na mlingoti unaanza kuyumba kama mlevi. Ule sahihi aliniletea shemeji kutoka Dubai, umeviringishwa ndani ya sanduku pamoja na viatu vya watoto. Huu mwingine tunaanikia nguo. Ni kamba ya nguo ya gharama kuliko zote Donholm, na haijawahi kunyooka kwa shuka.

Mama yangu huniuliza ugonjwa huu niliutoa wapi, maana kwetu hakuna mvuvi. Mama, niliutoa Nairobi. Nilikulia upande wa Lang'ata, karibu na lile bwawa lililochimbwa mwaka 1953, Nairobi Dam. Nilipokuwa mdogo kulikuwa bado na vijimashua vya matanga pale wikendi. Tulikaa ukingoni tukibishana ni lipi litageuka kwanza, na hakuna aliyetuambia kwamba yale ni mambo ya watu wengine. Baadaye maji machafu yakaingia, magugu maji yakafunika kila kitu, matanga yakaondoka. Siku hizi ukipita pale unaweza kudhani ni shamba, na kwa kweli watu wamelima sehemu zake. Nilimpeleka mwanangu mwaka jana nimwonyeshe. Akauliza, "Baba, maji yako wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, naye akaangalia kidole.

Leo mchana nilitoka kazini mapema, nikapeleka vile vipande viwili vya kana kwa fundi wa samani pale Ngong Road. Fundi aliviunganisha mezani, akavigeuza, akafuata ule mkunjo kwa kidole gumba. Nilimwambia nataka mvule, vipande vyembamba vitano vilivyogandishwa pamoja na kukunjwa, si gogo moja lililokatwa umbo, kwa sababu likikatwa nyuzi za mti hukatika kwenye mkunjo. Akanyamaza kidogo. Nilidhani ataniuliza ni rungu ya nini.

"Na bolti litapita wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akasema shimo tutalitoboa kubwa, tulijaze gundi ya epoksi, ikikauka tutoboe tena dogo katikati, ili maji yasiguse mti hata siku moja. Nilitaka kumkumbatia. Itakuwa tayari Alhamisi wiki ijayo, na Alhamisi ya fundi naijua, kwa hiyo nimeandika Jumatatu ya baadaye.

Sasa ni saa nne usiku na mvua imeanza tena, inapiga mabati ya jirani. Nimempigia Mzee.

"Huko kwanyesha?"

"Kwanyesha tangu magharibi. Nimetoka kuifua maji sasa hivi."

"Ngapi?"

"Debe moja na nusu. Ni ya mvua, nimeonja. Si ya chumvi."

"Umeonja?"

"Lala, mwanangu."