Kofia ya chuma ya Bombo: nilivyojua ilikotoka

Hapa Bombo, Uganda, ukionyesha kofia ya chuma ya zamani, kila mtu ana hadithi yake. Sisi Wanubi ni nadra kukosa mzee aliyepita Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza hapa Afrika Mashariki. Mjomba anashikilia kwamba babu alirudi na hii kutoka Burma. Jirani yetu anaapa ni ya askari wa Amin. Mnunuzi wa skrepa hakujali ni ya nani: aliipima mkononi akataja bei ya kilo.

Mimi nilianza na umbo. Kofia yetu ni bapa, ukingo wake mpana umezunguka pande zote kama sinia. Za Wasovieti, waliompa Amin silaha, SSh-40 kwa mfano, zina kina, na pembeni utaona vichwa sita vya ribiti. M1 ya Wamarekani nayo ni ya kina. Bapa namna hii ni mtindo wa Waingereza, uliobuniwa na John Brodie mwaka 1915. Lakini jirani alikuwa bado hajashindwa, maana jeshi la Uganda la mwaka 1962 lilitokana na Kikosi cha Nne cha Keya, na vyombo vya zamani huweza kukaa stoo miaka mingi.

Ndani hamkuwa na kitu, bitana ilishaoza. Juu utosini palibaki tundu la skrubu moja, ambayo ndiyo iliyoshika bitana ya Mark II, toleo la baadaye la kofia hiyo ya Waingereza lililoanza kutolewa mwaka 1938. Ushahidi huo peke yake hautoshi, kwa sababu kofia za vita vya kwanza nazo zilitiwa bitana mpya zikarudishwa kazini.

Kilichobaki ni kutafuta mhuri. Binamu zangu walishaleta msasa, nikawazuia. Ukisugua kutu kwa msasa unasugua na maandishi. Nilitumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki mkuukuu, kisha nikaikausha papo hapo. Usiku nikamulika tochi kwa upande, mwanga ukipita sambamba na chuma, nikaona vikwaruzo chini ya ukingo. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli taratibu. Zikajitokeza T.S.P., mwaka 1941, na mshale ndani ya herufi U.

Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na huo wenye U ni wa Muungano wa Afrika Kusini. T.S.P. ni kiwanda cha Transvaal Steel Pressing. Hapo ndipo nilipoyaelewa matundu matatu yaliyokaribiana kwenye ukingo wake, upande wa kisogoni. Rafiki yangu mmoja alikuwa amesema ni alama ya chuma hafifu, na kweli Uingereza walitoboa ukingo wa kofia dhaifu walizowapa walinzi wa raia mijini. Lakini matundu matatu kwa nyuma ni kawaida ya kofia za Afrika Kusini; husemwa yalikuwa ya kufungia kitambaa cha kukinga shingo na jua.

Mjomba alifurahi: "Si nilikwambia, mwanangu? Burma!" Nikamwambia, mjomba, mhuri unataja kiwanda na mwaka, hautaji kichwa kilichoivaa. Mwaka 1941 Keya walikuwa Uhabeshi wakipigana na Waitaliano, na Gondar ilianguka Novemba mwaka huohuo. Burma walipigana mwaka 1944. Kofia hiyo ingeweza kwenda kokote kati ya huko, au isitoke stoo kabisa. Nishani ya babu, ile nyota ya Burma, inathibitisha kwamba yeye alifika, lakini nyota hizo walipewa bila jina kuchorwa nyuma, kwa hiyo nayo haimfungi na kofia.

Sasa tunatafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi. Bibi anasema kiko kwenye moja ya masanduku ya bati, na masanduku yenyewe yamegawanywa kati ya shangazi zangu. Kofia nimeipaka mafuta mepesi, rangi sitaigusa, na yule wa skrepa ameambiwa asirudi.