Siku moja maishani mwangu: nasikiliza ubongo wa mtu asiyeweza kuongea

Saa mbili asubuhi nishawasha mashine. Mzee wetu ana ALS, ule ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, akili iko timamu kabisa ila mdomo umegoma, akiongea labda mkewe tu ndo anaambulia. Kichwani ana kiplagi, nachomeka waya, ndani kuna vielektrodi, visindano vya kunasa ishara za umeme, vimezama kwenye gamba la ubongo, ile sehemu inayoamrisha midomo, ulimi na koo.

Saa mbili na nusu tunasawazisha, maana ishara za leo sio za jana, kuna seli jana zilikuwa zinapiga kelele leo kimya. Sentensi inatokea kwenye skrini, anajaribu kuitamka, inakuja nyingine. Inachosha, kwake zaidi kuliko kwangu.

Saa nne ndo utamu wenyewe. Programu inakisia, kwa vipande vidogo sana vya sekunde, ni sauti gani anajaribu kutoa, halafu modeli ya lugha, programu inayojua maneno gani hufuatana, inaunga zile sauti ziwe maneno. Sasa chukua P na B, zote midomo inafumba vilevile, kwa hiyo “pata” na “bata” zinakaribiana mno na modeli ndo inaamua kwa kuangalia maneno ya jirani. Mara nyingi inapatia, ila modeli inapenda sentensi za kawaida, na mzee sio mtu wa kawaida! Leo kaanza utani wake, skrini ikaandika kitu cha adabu kabisa, akatoa macho, akaangalia kitufe cha “sio hivyo” mpaka kikakubali (anakibonyeza kwa macho).

Saa saba, chakula na simu. Kila siku kuna anayeuliza, kwa hiyo mnasoma mawazo ya watu? Hapana jamani, tunasoma jaribio la kutamka. Ingawa siwezi kusema mlango umefungwa kabisa, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walipata maana ya hadithi kwa skana ya ubongo tu bila kupasua mtu, lakini kila mshiriki alishalala humo masaa 16 akisikiliza, na akiamua kuwaza mengine dekoda, ile programu inayotafsiri ishara za ubongo, inapotea. 2025 nao watafiti wa chuo cha Stanford wakagusa mpaka maneno ya moyoni, wakaweka na nenosiri la kuwaza tu, bila hilo mashine haisikilizi. Hiyo naipenda.

Saa tisa ripoti. Bosi anataka spidi, na namwelewa, 2021 pale San Francisco mashine ilikuwa na msamiati wa maneno 50 tu, ikitoa kama 15 kwa dakika, 2023 Stanford wakafika 62 kwa dakika kwenye msamiati wa 125,000 ila karibu neno moja kati ya manne linakosewa, 2024 chuo cha UC Davis wakapita asilimia 97 ya usahihi. Mtu mzima anaongea kama 150 kwa dakika, safari bado.

Saa kumi na moja nachomoa waya. Kabla sijaondoka nimemwandikia bosi, kwa mara nyingine, kile kitufe cha “sio hivyo” kisitolewe eti kinapunguza spidi. Mzee kaomba nimuweke kwenye kopi, na sentensi ya mwisho ya hiyo barua pepe kaiandika mwenyewe, sikuipunguza makali.